Bomu Dogo la Nyuklia Likilipuka, Dunia Itajibu Nini?

   Jioni hii nina jambo zito, na naomba mniazime masikio mpaka mwisho. Ni jambo ambalo wengi wetu tunalisikia kwenye taarifa ya habari, tunatikisa kichwa, kisha tunaendelea na shughuli zetu tukiamini kwamba ni la wakubwa.

Swali langu ni hili. Tuseme kesho asubuhi unafungua redio, na habari ya kwanza kabisa ni kwamba nchi moja iliyoko vitani imetumia bomu la nyuklia. Si lile la kufuta jiji zima. Ni bomu dogo, limepigwa kwenye uwanja wa mapambano: kambi ya jeshi, kiwanja cha ndege, au msafara wa vifaru uliokuwa ukisonga mbele. Mataifa mengine yafanye nini? Saa ile ya kwanza yafanye nini? Siku ya pili je? Na sisi huku, tulio maelfu ya kilomita kutoka hapo, tufanye nini?

Mataifa yatajibu nini? Nitalirudia swali hili mara kadhaa jioni ya leo, kwa sababu naamini jibu lake haliwezi kusubiri bomu lianguke. Jibu la kweli linatengenezwa kabla. Likitafutwa baada ya moshi kupanda, litatafutwa na watu wenye hofu, wasiolala, wanaosukumwa na dakika.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Wanajeshi huzigawa silaha za nyuklia mafungu mawili. Kuna za kimkakati, yaani makombora ya masafa marefu yanayovuka bahari kwenda kupiga miji na kambi kuu za adui. Halafu kuna za kimbinu, zilizokusudiwa kutumika karibu, pale pale askari wanapopigana. Leo nazungumzia hizi za pili, hizi zinazoitwa ndogo.

Zina udogo gani? Nguvu ya bomu la nyuklia hupimwa kwa kilotani, na kilotani moja ni sawa na tani 1,000 za baruti kali ya TNT. Bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, lilikuwa na kilotani 15 hivi. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Sasa sikiliza. Marekani ina bomu liitwalo B61, lililohifadhiwa Ulaya kwa ajili ya ndege za kivita. Nguvu yake inaweza kupunguzwa kabla ya kurushwa hadi chini ya kilotani moja, na toleo lake jipya linaweza kupandishwa hadi kilotani 50. Hamsini, msikilizaji. Zaidi ya mara tatu ya Hiroshima, na bado linahesabiwa miongoni mwa madogo.

Wachambuzi wanakadiria kwamba Urusi ina vichwa vya aina hii kati ya 1,000 na 2,000. Marekani ina mabomu yapatayo 100 huko Ulaya, kwenye vituo vya Ubelgiji, Ujerumani, Italia, Uholanzi na Uturuki. Na hakuna mkataba unaoyahesabu wala kuyawekea kikomo. Mikataba mikubwa tuliyoisikia kwa miaka mingi ilishughulika na silaha za masafa marefu. Mwaka 1991 Rais George Bush wa Marekani na Mikhail Gorbachev wa Muungano wa Kisovieti waliahidi, kila mmoja kwa upande wake, kuziondoa silaha hizi ndogo kwa maelfu, na nyingi ziliondolewa kweli. Lakini ziliondolewa kwa ahadi tu. Hapakuwa na wakaguzi wa kwenda kuhesabu zilizobaki.

Utauliza, kwa nini nchi itumie bomu kama hilo? Mara nyingi sababu inayofikiriwa ni moja: inashindwa vitani, na inataka kumtisha mwenzake asimame. Chukua mfano wa Pakistan. Mwaka 2011 ilijaribu kombora liitwalo Nasr, linalokwenda kilomita 60 hivi. Huo ni mwendo kama wa kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo. Kazi yake ni kuzuia vifaru vya India vikivuka mpaka. Maana yake, kuna hali ambayo bomu hilo lingelipukia katika ardhi ya Pakistan yenyewe, juu ya mashamba ya Wapakistani wenyewe. Nayo India imetangaza tangu mwaka 2003 kwamba haitaanza kutumia nyuklia, lakini majeshi yake yakipigwa kwa nyuklia popote yalipo, italipiza kwa kishindo kikubwa. Haikusema kwamba bomu likiwa dogo, nayo itajibu kwa dogo.

Umeona tatizo? Aliyelitengeneza anasema ni dogo. Anayepigwa hana sababu ya kulipima kwa kilotani. Anaona wingu, anaona watu wake wameungua, na anajua kitu kimoja tu: mwenzake amevuka mpaka ambao haukuvukwa na yeyote tangu Nagasaki, tarehe 9 Agosti 1945.

Huko Ulaya walilijua hili zamani. Mwaka 1955 NATO ilifanya mazoezi ya kivita yaliyopewa jina la Carte Blanche, ikaigiza kutumia mabomu ya nyuklia kusimamisha majeshi ya Kisovieti. Mabomu 335 yalipigwa, kwenye karatasi, mengi yakiangukia ardhi ya Ujerumani. Hesabu ikatoka: Wajerumani milioni 1.7 wamekufa na wengine milioni 3.5 wamejeruhiwa, na hapo hawajahesabiwa watakaokufa baadaye kwa mionzi. Wajerumani waliposoma habari hizo magazetini walishtuka. Hao ndio waliokuwa wakilindwa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Bomu moja dogo limelipuka. Mataifa yatajibu nini?

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna kisa ambacho kila raia wa dunia hii anastahili kukijua. Mwishoni mwa utawala wa Barack Obama, wakuu wa usalama wa Marekani walikaa mezani wakaigiza vita. Habari hizo ameziandika mwandishi wa habari Fred Kaplan katika kitabu chake The Bomb, kilichotoka mwaka 2020. Igizo lilikuwa hivi: Urusi imevamia nchi moja ya Baltiki, mwanachama wa NATO. NATO imejibu, na Urusi imeanza kuzidiwa. Ili kuisimamisha NATO, Urusi inapiga bomu moja la nyuklia lenye nguvu ndogo. Haya, nyinyi mnaoshauri, mnajibu nini?

Wa kwanza kucheza walikuwa manaibu. Majenerali walikuja tayari na mipango ya kurudisha nyuklia kwa nyuklia. Lakini Colin Kahl, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Makamu wa Rais Joe Biden, akawasimamisha. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa hivi: adui amefanya jambo ambalo dunia nzima italichukia. Huu ndio wakati wa kuikusanya dunia upande wetu, kumtenga, na kuendelea kupigana kwa silaha za kawaida, ambazo kwazo tayari tunashinda. Tukirusha ya kwetu, tumeitupa nafasi hiyo. Wakabishana kwa muda mrefu, na mwishowe wakakubaliana naye. Wasijibu kwa nyuklia.

Baadaye wakakaa wenyewe wakubwa, mawaziri na wakuu wa majeshi, kwa igizo lile lile. Nao wakaamua kinyume. Wakasema lazima tujibu kwa nyuklia, la sivyo washirika wetu hawatatuamini tena. Haya, tumpige nani? Wakiwapiga wavamizi walioko Baltiki, wataua raia wa nchi ile ile wanayoitetea. Wakipiga ndani ya Urusi, huenda Urusi ikarusha kila ilicho nacho. Basi wakachagua kuipiga Belarus. Na Belarus, katika igizo lile, haikuwa imeshiriki vita.

Msikilizaji, naomba unielewe. Watu hawa hawakuwa wajinga wala wendawazimu. Walikuwa wasomi, wazoefu, wenye familia zao. Walikaa katika chumba kilichotulia, bila ving'ora, bila maiti, bila simu za wananchi wanaolia. Na katika utulivu ule walifika mahali pa kulipiga kwa nyuklia taifa lisilohusika, ili tu ionekane kwamba wamejibu. Mkulima wa viazi wa Belarus, ambaye ardhi yake tayari ilipokea sehemu kubwa ya mionzi ya Chernobyl mwaka 1986, angekufa ili mtu mwingine asionekane mnyonge. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu nilisome, na linaniumiza kila ninapolirudia. (Kweli, mwaka 2023 Rais Vladimir Putin alitangaza kupeleka silaha za kimbinu huko Belarus, kwa hiyo hali ya leo si ile ya igizo. Lakini mkulima ni yule yule.)

Nichukue funzo moja hapo kabla hatujaendelea. Watu wa serikali ile ile, kwa swali lile lile, walitoa majibu mawili yanayopingana. Mara ya kwanza alikuwapo mtu aliyesimama akasema ngoja, tufikiri. Mara ya pili hoja yake haikushinda. Kwa hiyo tusidhani kuna kitabu mahali fulani ambamo jibu limeshaandikwa. Halipo. Kuna watu tu, na watu wanaweza kushawishiwa kabla.

Sasa kutoka kwenye igizo, twende kwenye jambo lililotokea. Majira ya vuli ya mwaka 2022. Mnakumbuka Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari mwaka ule. Siku tatu baadaye Rais Putin akaamuru vikosi vyake vya nyuklia vikae katika hali maalumu ya tahadhari. Ikafika Septemba, jeshi la Ukraine likaisukuma Urusi nyuma katika jimbo la Kharkiv kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Tarehe 21 Septemba Putin akahutubia taifa lake, akasema atatumia kila njia aliyo nayo kuilinda Urusi, na kwamba hatanii. Mwisho wa mwezi akatangaza kuyatwaa majimbo manne ya Ukraine. Tarehe 6 Oktoba, Biden, wakati huo akiwa Rais, akasema hatari ya vita vya nyuklia haijawahi kuwa kubwa kiasi kile tangu mgogoro wa Cuba wa mwaka 1962.

Dunia ilijibu nini? Tusikilize vizuri hapa, maana wengi tulisikia nusu tu ya jibu.

Nusu ya kwanza ilitoka Magharibi. Jake Sullivan, mshauri wa usalama wa Ikulu ya Marekani, alisema Urusi itapata madhara makubwa mno, na kwamba Warusi wameambiwa kwa siri madhara hayo ni yapi. Jenerali mstaafu wa Marekani David Petraeus, akijisemea mwenyewe, akasema anadhani NATO ingeyaangamiza majeshi ya Urusi yaliyoko Ukraine na kuzamisha meli zake za Bahari Nyeusi, kwa silaha za kawaida. Josep Borrell, mkuu wa sera za nje wa Umoja wa Ulaya, akasema jeshi la Urusi lingefutwa, lakini si kwa nyuklia. Na Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa akasema wazi kwamba Urusi ikipiga nyuklia Ukraine, Ufaransa haitajibu kwa nyuklia. Wako waliomkosoa Macron kwamba amefichua mkono wake. Mimi naona alisema jambo la busara, na nitaeleza kwa nini.

Nusu ya pili ya jibu ilitoka Mashariki, na hiyo ndiyo tuliyoisikia kidogo. Tarehe 16 Septemba, mjini Samarkand, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi alimwambia Putin uso kwa uso, kamera zikiwaka, kwamba zama hizi si zama za vita. Mwezi uliofuata Waziri wa Ulinzi wa India, Rajnath Singh, akamwambia mwenzake wa Urusi kwa simu kwamba upande wowote usithubutu kutumia nyuklia. Tarehe 4 Novemba Rais Xi Jinping wa China, akiwa na Kansela Olaf Scholz wa Ujerumani mjini Beijing, akasema dunia ipinge kutumia silaha za nyuklia na hata kutishia kuzitumia. Na katikati ya Novemba, huko Bali, kundi la G20 la mataifa yenye uchumi mkubwa likaandika katika tamko lake kwamba kutumia silaha za nyuklia au kutishia kuzitumia hakukubaliki. Urusi yenyewe ni mwanachama wa kundi hilo.

Unaona uzito wake? Tuseme mtaani kwenu kuna ugomvi, na mmoja amechomoa panga. Atamsikiliza nani? Adui yake hamsikilizi, maana alitarajia atapiga kelele. Polisi wako mbali. Atamsikiliza yule anayekaa naye barazani kila jioni wakinywa kahawa, akimwambia: ndugu, ukimkata mtu kwa hilo panga, hapa barazani usije tena. China na India ndizo zilizokuwa zikinunua mafuta ya Urusi wakati masoko ya Ulaya yakifungwa. Neno lao lilikuwa na bei.

Sisemi kwamba maneno hayo peke yake ndiyo yaliyozuia. Tarehe 11 Novemba jeshi la Urusi lilikuwa limekwisha kuondoka mji wa Kherson kwa kuvuka mto Dnipro, na ule mtego uliohofiwa, wa majeshi yake kuzingirwa ukingoni mwa mto, haukufunga. Mambo mengi yalikutana. Lakini ninasema hivi, na narudia: jibu lililotolewa kabla ya bomu lilikuwa na nafasi ya kufanya kazi. Jibu la baada ya bomu lingekuwa adhabu tu, na adhabu haimfufui mtu.

Sasa nieleze kwa nini namuunga mkono Macron. Nchi ikirudisha nyuklia kwa nyuklia, hata kidogo kwa kidogo, imekubali kwamba silaha hii ni silaha kama nyingine. Ubishi uliobaki ni wa ukubwa. Na hakuna anayejua ubishi huo unaishia wapi, kwa sababu viongozi huamua gizani. Mwaka 1962 majenerali wa Marekani walimshauri Rais John Kennedy aivamie Cuba. Hawakujua kwamba kisiwani pale, mbali na makombora makubwa ya Kisovieti waliyoyapiga picha, kulikuwa na vichwa vidogo vya nyuklia karibu 100, vilivyowekwa kuwapiga wavamizi. Robert McNamara, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, alipata kujua habari za vichwa hivyo mwaka 1992 mjini Havana. Miaka 30 baadaye! Kama Kennedy angeusikiliza ushauri ule, sijui leo ningekuwa nazungumza na nani.

Na jibu la Petraeus je, la kuzamisha meli kwa silaha za kawaida? Nalitazama kwa tahadhari. Ni afadhali kuliko nyuklia, hilo halina ubishi. Lakini ni vita vya moja kwa moja kati ya mataifa yenye nyuklia, na yule aliyekwisha kuvuka mpaka mara moja ndiye anayeulizwa tena: utavuka mara ya pili? Mtu asilitaje jibu hilo kana kwamba ni jepesi.

Na kukaa kimya? Hapo nitakuwa mkali. Kukaa kimya ni kumlipa aliyepiga. Kama nchi itatumia nyuklia, ikapata ardhi iliyoitaka, na baada ya miezi sita tukarudi kununua mbolea na mafuta kwake kama kawaida, basi kila jeshi duniani limefundishwa kwamba bomu lile linafaa. Na kila nchi isiyo nalo itajiuliza kwa nini isilitafute. Ukraine ilikubali mwaka 1994, kwa makubaliano ya Budapest, kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwake baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Tukinyamaza, nani tena ataacha?

Basi mataifa yatajibu nini? Tumeona wakubwa. Tuje kwetu, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine popote.

Tunapenda kusema sisi ni wadogo, hatuna sauti. Historia ya bara letu inakataa. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia huko Reggane, katika jangwa la Sahara, ndani ya Algeria iliyokuwa koloni lake. Lilikuwa na kilotani 70 hivi. Ghana ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru. Kwame Nkrumah alifanya nini? Serikali yake ilizuia mali za Wafaransa zilizokuwa Ghana. Mwisho wa mwaka ule Ufaransa ikalipua la tatu. Nigeria, iliyokuwa imepata uhuru Oktoba ya mwaka ule ule, mwezi Januari 1961 ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa na kumfukuza balozi wake. Nchi yenye miezi mitatu!

Je, Ufaransa iliacha? Haikuacha mara moja. Ililipua mabomu 17 kwa jumla katika Sahara hadi mwaka 1966. Lakini baada ya lile la nne, Aprili 1961, milipuko yote iliyofuata huko Sahara ilipelekwa chini ya ardhi. Na ile hasira ya Afrika haikupotea bure. Mwaka 1996, mjini Cairo, nchi zetu zilitia saini Mkataba wa Pelindaba unaolifanya bara zima liwe bila silaha za nyuklia, na ulianza kutumika mwaka 2009. Pelindaba ni mahali karibu na Pretoria ambapo makaburu walikuwa na kituo chao cha nyuklia. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, kisha ikayafumua yenyewe, na Rais F. W. de Klerk akaitangazia dunia mwaka 1993. Bara lenye historia hiyo lina haki ya kusimama na kusema.

Na yupo mwenzetu mwenye haki hata zaidi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mgodi. Wachimbaji wale hawakuambiwa wanachimba nini. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliridhia Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, ule uliopitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2017 kwa kura za nchi 122. Lilikuwa jambo la heshima, na halikutangazwa vya kutosha.

Sasa siku ile ya habari mbaya, uwanja wetu utakuwa New York. Baraza la Usalama litakutana, na huenda litakwama pale pale, kwa sababu wanachama wake watano wa kudumu wenye kura ya turufu wote wana nyuklia. Mpigaji akiwa mmoja wao, au rafiki wa mmoja wao, azimio litazuiwa. Hapo shauri litakwenda Baraza Kuu, ambako hakuna turufu na kila nchi ina kura moja. Afrika ina kura 54.

Tulizitumiaje tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu lilipopiga kura kulaani uvamizi wa Ukraine? Nchi 141 ziliunga mkono azimio. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwamo. Tanzania, Uganda na Burundi hazikuegemea upande wowote. Sizilaumu, siasa ya kutofungamana ina mizizi yake na sababu zake, na wako wazee walioilipia gharama kubwa. Lakini nasema kwa moyo wangu wote: siku ya bomu la nyuklia, awe amelipiga Mrusi, Mmarekani, au mwingine yeyote, kutopiga kura kusiwe chaguo. Pale hakuna Mashariki wala Magharibi ya kutofungamana nayo. Kuna aliyetumia silaha hiyo na kuna wengine wote.

Na kura hiyo iseme nini? Iseme kwamba hakuna atakayeitambua ardhi iliyopatikana kwa bomu lile. Iseme kwamba meli za nchi hiyo hazitatia nanga Mombasa, Dar es Salaam wala Durban, na ndege zake hazitatua, mpaka itakapoacha. Iseme kwamba aliyepigwa asilipize kwa nyuklia, na kwa kujizuia huko asaidiwe mara dufu. Na ipeleke madaktari, ingawa Shirika la Msalaba Mwekundu limekwisha kutuonya kwamba hakuna nchi wala shirika lenye uwezo wa kuwahudumia ipasavyo majeruhi wa nyuklia. Wahudumiwe hivyo hivyo, kwa kadiri itakavyowezekana.

Labda mama mmoja anayenisikiliza sasa anasema: mwanangu, mbona hayo ni ya mbali? Mama, kumbuka mwaka 2022. Meli za ngano zilikwama katika bandari ya Odesa, Ukraine, nasi tukaona unga wa ngano na mafuta ya kula vikipanda bei. Chapati ikawa nyembamba. Hivyo vilikuwa vita vya silaha za kawaida. Mwaka ule ule, watafiti walichapisha katika jarida la Nature Food hesabu ya nini kingetokea kama India na Pakistan zingepigana kwa nyuklia: moshi wa miji inayoungua ungezuia jua, mazao yangepungua dunia nzima, na zaidi ya watu bilioni 2 wangeweza kufa kwa njaa. Wengi wao wangekuwa katika nchi ambazo hazikupigana.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja, na hakihitaji pesa. Mbunge wako akija kijijini au mtaani, baada ya kumuuliza habari za barabara na maji, muulize na hili: nchi yetu imesimama wapi kuhusu Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia? Tumetia saini? Tumeridhia? Na siku bomu la kwanza likipigwa, balozi wetu kule New York ana maelekezo gani mkononi, au atakuwa anasubiri simu? Na wale mawaziri wa mambo ya nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanapokutana Arusha, wamewahi kuandika msimamo mmoja ili siku hiyo wasianze kutafutana? Akikuambia hajui, mwambie akaulize, na arudi na jibu.

Tuandikieni nanyi, mseme wabunge wenu wamewajibu nini. Barua zenu tutazisoma hapa hapa.